Pumzi Tatu Kabla ya Amina

Chaki mpya ivunjeni kwanza, ndipo muandike. Chaki nzima hulia ubaoni, watoto wa nyuma huziba masikio, na kuwafanya wayafungue tena ni kazi ya kipindi kizima. Hilo nilifundishwa na Mwalimu Gathogo siku ya pili ya kufanya kazi naye, na sikumshukuru. Nilimjibu kwamba chuoni kwetu tuliambiwa chaki ni mali ya serikali na haivunjwi ovyo. Alinitazama kidogo, akavunja ya kwake, akaendelea kuandika.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii, hasa nyinyi mliosukumiwa somo la historia kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Nililifundisha zaidi ya miaka thelathini, kwanza upande wa Ruiru, halafu Thika. Nimeyaona ya kuchekesha. Nikiwa Thika nilikuwa na mwanafunzi kutoka Gatuanyaga, huko ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Nilimwuliza katika mtihani kwa nini manowari za mfalme wa Hispania zilishindwa kuivamia Uingereza. Akaandika kwamba Mungu aliwapa Waingereza mvua na upepo kupita kiasi, na kwamba ugawaji huo si wa haki. Nilimpa alama zote.

Lakini lipo jambo moja ambalo sijawahi kulisema mbele ya walimu wenzangu. Nimezeeka, na nisipoliandika sasa litakwenda nami. Mtanivumilia nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia, kwa sababu bado linaniuma.

Nyumbani kwetu ni magharibi, upande wa Bungoma. Nililetwa Ruiru wakati Hali ya Hatari imekaza, Waingereza wakiwasaka wapiganaji wa msituni na kila aliyedhaniwa kula nao kiapo, walimu wengi wa Kikuyu wamekamatwa au wamefutwa kazi, na serikali inatafuta watu wa makabila mengine wa kujaza nafasi zao. Nilikuwa na cheti kipya, suruali mbili za kaki, baisikeli, na maringo ya kutosha watu watatu. Kijiji nilichopelekwa kilikuwa kipya pia, kati ya Ruiru na Mugutha, kando ya shamba kubwa la kahawa. Watu walikuwa wameondolewa kwenye makao yao na kulazimishwa kujijengea vibanda kwa mistari, na kukizunguka kijiji kulichimbwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulilindwa na homugadi, wale wenyeji waliopewa silaha na serikali.

Kabla ya handaki, mahali pale palikuwa na shule mbili. Moja ilikuwa ya Wakatoliki na moja ya Waprotestanti, kila moja kwenye kilima chake, na watoto wao hawakucheza hata mpira pamoja. Handaki lilipochimbwa, shule zote mbili zikabaki nje. Bwana DO, ofisa wa wilaya, kijana wa Kiingereza aliyesimamia sehemu ile kutoka ofisi ya Thika, akaamuru ijengwe shule moja ndani, ya wote. Ilikuwa na vyumba vinne vya udongo vyenye paa la mabati. Gathogo alikuja na watoto wa Kikatoliki, mimi nikakabidhiwa wale wa Kiprotestanti. Ni nani kati yetu angekuwa mwalimu mkuu, hatukuambiwa. Tuliambiwa tungoje.

Gathogo alinizidi miaka kumi na mitano. Alikuwa mwembamba, mtu wa kusema polepole, na akimsikia mtoto anakosea alikuwa anatabasamu kwanza, ndipo anamsahihisha. Mkewe, Mama Wairimu, alikuwa na watoto wanne. Kutoka nje ya mlango wa kijiji Gathogo alihitaji pasi yenye muhuri, kama Wakikuyu wote. Mimi nilitoka kwa salamu tu. Homugadi waliniita Bwana Mwalimu, nami nilipenda sana kuitwa hivyo.

Sasa niwaambie jinsi nilivyofundisha lile somo la wafalme, maana njia yenyewe bado inafaa hata leo mkikosa ramani.

Kwa wale ambao hawajalifikia, somo ni hili. Ulaya, miaka mia nne iliyopita, Wakristo waligawanyika. Wengine walibaki na Papa wa Roma, wengine wakajitenga naye. Lakini mipaka ya falme haikufuata imani za watu. Mfalme alikuwa wa upande huu, na raia wake wengi wa upande ule. Waliobanwa walitazama nje, wakamwona mfalme wa jirani anayesali kama wao, wakamwita awasaidie. Naye alikuja. Waholanzi waliotawaliwa na mfalme wa Hispania, Mkatoliki, walimwita malkia wa Uingereza, Mprotestanti. Aliwapelekea askari, lakini alitaka kwanza apewe miji miwili ya pwani aishike kama dhamana. Wakatoliki wa Ufaransa nao walimwita mfalme wa Hispania, na askari wake wakakaa hadi ndani ya mji mkuu. Kila aliyekuja alisema amekuja kwa ajili ya sala, na kila aliyekuja alikuwa ameshaichungulia bandari.

Shule yetu haikuwa na ramani. Nyuma ya vyumba palikuwa na uwanja mgumu, nikachora Ulaya kwa majivu, upana wa hatua kumi. Askari tuliwatengeneza kwa buni, maana watoto walichuma kahawa Jumamosi na mifuko yao haikukosa chache. Buni nyekundu zilikuwa Wakatoliki, za kijani Waprotestanti. Darasa la saba, lenye watoto wa pande zote mbili, lilizunguka ramani, mmoja anasoma kitabu, wengine wanasogeza majeshi. Siku moja nyapara wa shamba alikuja kutushtaki kwamba Waprotestanti wetu wote ni buni changa, zimechumwa kabla ya wakati. Ikabidi tangu siku hiyo tuokote zilizoanguka tu, na jeshi la Kiprotestanti likapungua sana.

Gathogo alizoea kusimama pembeni, mikono nyuma, akitazama. Alikuwa akinitania kwamba kanisa la Waingereza lilianza kwa sababu mfalme alichoka na mke wake, nami nikimrudishia Mapapa waliokuwa na watoto. Siku moja aliwaeleza wanafunzi wangu juu ya kadinali wa Ufaransa, mtu wa Roma kabisa, aliyemlipa mfalme Mprotestanti wa Sweden apigane na Wakatoliki wenzake. Alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akachuchumaa, akawaonyesha jambo ambalo kitabu changu hakikuwa nalo. Alikuwa amelisoma zamani katika maktaba ya mapadre. Waprotestanti wa Ufaransa, alisema, walipobanwa walimwahidi malkia wa Uingereza mji wa bandari ili awasaidie. Akaja, akaushika. Baadaye Wafaransa wenyewe wakapatana, Wakatoliki na Waprotestanti, wakamwambia ahsante, sasa askari wako waende nyumbani. Akakataa. Basi wale waliokuwa wakiuana jana wakaungana wakaenda pamoja kumtoa. Gathogo alichukua buni nyekundu na za kijani kwa kiganja kimoja, akazipanga kuuzunguka mji ule. Watoto wakapiga makofi.

Makofi yale yaliniingia vibaya. Darasa lilikuwa langu, ramani ilikuwa yangu, na watoto wakamtazama yeye. Nilimwonea wivu, nikajiambia kwamba ni bidii ya dini.

Hapo ndipo sala ikaingia. Kila asubuhi tulisimama mistarini tukasema Baba Yetu, shule nzima. Wakati ule Wakatoliki walifika mwisho mapema. Wakishaomba kuokolewa na maovu, walisema Amina. Sisi Waprotestanti tuliendelea na maneno ya ufalme na nguvu na utukufu, ndipo Amina. Kwa hiyo Amina yao ilitua katikati ya sala yetu. Watoto wangu wakaanza kuyasema yale maneno ya mwisho kwa sauti kubwa zaidi. Siku iliyofuata wa Gathogo wakaipandisha Amina yao. Baada ya wiki mbili wao walianzisha Salamu Maria juu ya maneno yetu, na sisi tukapiga kelele kama watu wanaofukuza ndege kwenye mtama. Ikaisha kwa kurushiana mawe kisimani, na mtoto mmoja akapasuliwa paji la uso.

Gathogo alinifuata chumbani mwangu saa ya mapumziko. Nakumbuka alikuwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

"Lusweti," aliniambia, "hili ni jambo dogo sana. Sisi tukifika mwisho wetu, tutanyamaza, tuwangoje. Nyinyi mmalize polepole. Halafu Amina tuiseme sisi sote, mara moja."

Lilikuwa pendekezo zuri, nalo ni mimi niliyepaswa kulitoa, na sikulitoa. Nilimwambia hapana. Nilisema Waprotestanti hawatangojwa kama watoto waliochelewa kufunga viatu. Nilisema jambo la sala linahitaji uamuzi wa wakubwa. Akasema basi nifikirie tena, akatoka.

Sikufikiria tena. Jioni ile niliandika barua kwa Bwana DO.

Hapa nawapa ushauri wa kazi, na huu ni muhimu kuliko ule wa chaki. Mkiandika barua ya kushtaki mtu, ilazeni siku moja, kisha mkate sentensi ya mwisho. Barua yangu ilieleza ugomvi wa sala vizuri tu, kwa adabu, na kuomba Bwana DO aamue. Nilipoisoma tena niliona ni nyepesi. Nilihofia ataitupa kapuni. Nikaongeza sentensi moja kwamba Mwalimu Gathogo, baada ya masomo, huwa na mikutano na wanafunzi nyuma ya stoo, kwa Kikuyu, nami sijui yanayosemwa.

Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Alikuwa anawafundisha katekisimu. Nilikuwa nimepita mara nyingi nikawaona na rozari mikononi, na hata Kikuyu changu kibovu kilitosha kulisikia jina la Maria. Lakini mwaka ule, katika sehemu ile, neno mikutano halikuhitaji kusindikizwa na jingine lolote. Nililijua hilo nilipokuwa naliandika. Msije mkaniambia sikujua.

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda baisikeli. Mlangoni homugadi akanifungulia na kunitakia safari njema. Nilipita mashamba ya kahawa, halafu ya mkonge, hadi Thika, nikampa karani wa DO barua mkononi. Nikanywa chai na mandazi mawili sokoni, nikarudi nikipiga mluzi. Hilo la mluzi nalikumbuka vizuri kuliko nipendavyo.

Walikuja Alhamisi, kipindi cha tatu. Nilikuwa nje na darasa la saba, tumesimama kuzunguka ramani ya majivu, tukiwapanga askari wa Hispania. Gari la DO liliingia kwanza, nyuma yake lori la homugadi. Bwana DO alinijia moja kwa moja mbele ya wanafunzi, akanishika mkono, akaniita kwa jina. Alisema amepata barua yangu na anaithamini. Aliyasema hayo kwa sauti ya kutosha, na wanafunzi wote walisikia.

Aliamua la sala pale pale, kwa dakika moja. Kuanzia kesho wote wataisema hadi mwisho, kama inavyosemwa Uingereza, na atakayenyamaza atarudishwa nyumbani. Halafu akauliza Mwalimu Gathogo yuko wapi.

Alikuwa darasa la sita, anafundisha hesabu za sehemu. Walimwita atoke. Waliitazama pasi yake, wakaigeuza, wakamwambia apande lori. Hakuuliza kwa nini. Alirudi mlangoni akaweka kipande chake cha chaki ndani ya sanduku, akafunga sanduku. Njia fupi ya kufika kwenye lori ilikatiza uwanja wetu, wakampitisha juu ya ramani, buti zikiponda buni nyekundu na za kijani bila kuchagua. Alipofika nilipo alisimama.

"Lusweti, darasa la sita hawajamaliza kujumlisha sehemu," alisema. "Wamekwama pale asili zinapotofautiana."

Nikamwambia nitawamalizia. Hilo tu ndilo nililoweza kumjibu mtu yule.

Kabla ya kuondoka Bwana DO alivizungukia vyumba vyetu, akachagua viwili vilivyo imara zaidi wakae homugadi. Ni kwa usalama wenu, alisema, kwa kuwa sasa imejulikana kwamba shule ina matatizo. Nilisimama pale nikiviangalia vitanda vya kamba vikiingizwa katika darasa la sita, na ile habari ya malkia na miji yake miwili ya pwani niliyokuwa nimeifundisha wiki mbili nyuma ikanirudia yote. Nilikuwa nimeifundisha vizuri. Nilikuwa nimewapa hata mtihani juu yake.

Kesho yake nililiingia darasa la saba. Katika wanafunzi wa Kikatoliki alikuwemo msichana mmoja mrefu, Nyambura, wa miaka kama kumi na sita, maana wakati ule watu walianza shule wakiwa wakubwa. Alikuwa miongoni mwa wale waliosoma katekisimu nyuma ya stoo. Alinyoosha mkono kwa heshima.

"Mwarimu, hao wafalme wa nje, waliitwa kwa mdomo ama kwa barua?"

"Kwa barua," nilisema.

"Asante, mwarimu."

Akakaa. Hakuuliza lingine mpaka mwaka ukaisha, wala hakunikosea adabu hata siku moja. Nimefokewa na wakaguzi, nimefokewa na wazazi waliolewa, lakini hakuna aliyewahi kunifanya nitamani kutoka darasani kama asante ile.

Jumamosi nilirudi Thika. Nilimwambia Bwana DO kwamba ile mikutano ilikuwa katekisimu. Akaniuliza kama niliandika uongo. Nikasema hapana. Akaniuliza sasa nataka kufuta nini. Nikasema nataka Mwalimu Gathogo arudi, na vyumba vyetu pia kama inawezekana. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba mambo yakishafika huko mbele hayarudi ofisini kwake, na kwamba nitazame kazi yangu. Karani, mzee mmoja wa Kikamba, alinisindikiza mpaka nje.

"Mwalimu, uliwaita wewe," alinieleza kwa sauti ya chini. "Kuja, wamekuja. Kwenda si juu yako."

Gathogo alipelekwa kizuizini, mbali, sehemu za joto ambazo watu walizitaja kwa kunong'ona. Baada ya mwezi mmoja nikaletewa barua ya kunifanya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wa vyumba viwili, na madarasa mawili chini ya jua. Darasa la sita niliwafundisha mwenyewe kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Nilichukua muda mrefu, kwa sababu Gathogo alikuwa na njia ya kuzifundisha kwa kukata viazi vitamu na mimi sikuijua.

Na kila asubuhi shule nzima ilisema sala hadi mwisho, kama ilivyoamriwa. Watoto wa Gathogo waliyasema maneno yale ya ufalme na nguvu bila kuinua macho, homugadi mmoja akisimama pembeni kusikiliza. Nilikuwa nimeshinda. Sikuwahi kuichukia sala kabla ya hapo, lakini mwaka ule niliichukia, na Mungu anisamehe.

Mama Wairimu alibaki na watoto wanne. Kila mwisho wa mwezi nilimpelekea debe la unga, na chumvi, na mara nyingine sabuni. Hakujua. Alipokea kwa mikono miwili na kuniambia kwamba Mungu atanilipa, kwamba mtu wa mbali amekuwa ndugu kuliko ndugu wa damu. Mara mbili nilikwenda nimejiandaa kumwambia, na mara zote mbili niliuweka unga chini nikakimbia. Nilimwogopa. Niliogopa pia kwamba akijua atakataa unga, na watoto watalala njaa, na hiyo ilikuwa sababu nzuri sana ya kujificha nyuma yake.

Miaka miwili na miezi kadhaa ikapita. Mambo yakaanza kulegea, homugadi wakaondoka na kutuachia vyumba vyeusi kwa moshi, vilivyonuka tumbaku. Muhula ulikuwa umebakiza wiki moja kufunguliwa nilipomwona mtu anakuja kutoka upande wa stesheni, kwa miguu, ameshika mfuko wa karatasi. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Nywele zilikuwa nyeupe kabisa na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, ikabidi azungushe kichwa kila mtu aliposema. Alikuwa na karatasi ya kumruhusu kufundisha tena, chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu. Yaani wangu.

Nilimpa siku mbili na watu wake. Siku ya tatu nilimchukua nyuma ya vyumba, pale palipokuwa na ramani, ili nimwambie. Nilikuwa nimeyakariri maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilisema jina lake, nikakwama. Akanigeuzia sikio lake zima, akangoja, akaona siendelei.

"Barua walinionyesha siku ya kwanza," alisema. "Walifunika jina kwa kidole. Lakini mwandiko wako naujua, si tumesahihisha pamoja? Na Kiswahili kilikuwa kizuri."

Nikakaa chini. Nilimwuliza kama alijua muda wote huo, kwa nini hakumwandikia mkewe. Barua chache ziliruhusiwa. Alinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu, isipokuwa safari hii hakutabasamu.

"Aliniandikia kwamba unamletea unga," alisema. "Ningemwambia, nani angempelekea?"

Nililia, na sioni haya kuliandika. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kisha akauliza kama darasa la sita walielewa zile sehemu.

Asubuhi ya kufungua shule nilimwomba aongoze sala. Walimu wawili wapya waliokuwa wameongezwa walishangaa, maana ilikuwa kazi ya mwalimu mkuu. Gathogo alisimama mbele, akafumba macho, akaanza Baba Yetu, na shule nzima ikamfuata. Alipofika pale pa kuokolewa na maovu, alinyamaza. Watoto walikuwa wamezoea kupita moja kwa moja, sasa wakasita. Wengine walifumbua jicho moja. Yeye aliinua mkono wake kidogo tu, kiganja juu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Watoto wa Kiprotestanti wakaelewa, wakayasema maneno yao taratibu, bila kelele, hadi mwisho. Wengine wakawangoja, vichwa chini. Nilipaswa kusali pamoja na watu wangu, lakini niliinamisha kichwa nikawangoja pamoja na watoto wa Gathogo. Gathogo akasema Amina, na wote wakaisema naye, mara moja.

Watoto walipoingia madarasani alikuja akasimama karibu nami, sikio lake zima likiwa upande wangu.

"Nimehesabu," alisema. "Ni pumzi tatu, Lusweti. Pumzi tatu tu."

Akaingia darasa la sita, akafungua sanduku, nikasikia anavunja chaki.

Tulifundisha pamoja miaka saba baada ya hapo, mpaka nikahamishiwa Thika. Hatukuizungumzia tena barua. Ramani ya majivu tuliichora kila mwaka, na ile sehemu ya mji wa bandari nilimwachia yeye aifundishe. Alipofariki nilikwenda kumzika, nikasimama na Mama Wairimu, ambaye sasa alijua, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia mwenyewe mwaka ule aliporudi mumewe. Alikaa miezi mitano bila kunisemesha, kisha siku moja akamtuma Wairimu alete debe langu tupu, ameliosha.

Mkinialika katika shule zenu, nitakuja, miguu ikiruhusu. Mtaniweka mbele na wageni, na mtaanza sala. Mkifika pale pa maovu mtaniona nimenyamaza ninyi mkiendelea. Msidhani mzee amesahau maneno. Nahesabu.